Keto ya siku baadhi: jinsi ya kulegeza bila kuharibu

Mtu akishakaa kwenye keto, yaani ulaji wa wanga kidogo sana na mafuta mengi, wiki tatu nne, huacha kuuliza ale nini. Huanza kuuliza: hivi ni lazima iwe kila siku? Siwezi kushika Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu wikiendi nikala kama watu wengine?

Unaweza kulegeza. Ila ziko njia za kulegeza zinazofanya kazi, na iko moja inayokuacha pabaya kuliko kama usingeanza kabisa. Hiyo moja ndiyo wengi huiangukia bila kukusudia: wanga unarudi kwenye sahani, na mafuta hayaondoki. Karibu kila nitakachosema hapa chini kinazunguka kosa hilo.

Mwili unafanya nini hasa

Ini likiishiwa akiba yake ya wanga na insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu) ikashuka, huanza kuvunja mafuta kwa wingi na kutengeneza ketoni, ambazo ubongo, moyo na misuli huzitumia badala ya sehemu ya glukosi, yaani sukari ya damu. Akiba hiyo huitwa glikojeni. Ini la mtu mzima hubeba kiasi cha gramu 100 hivi, na misuli kama gramu 400, lakini ya kwenye ini ndiyo inayoamua. Kwa anayekula wanga gramu 20 hadi 50 kwa siku, kwa kawaida huchukua siku mbili hadi nne kabla ketoni hazijafika milimoli 0.5 kwa lita ya damu, kiwango ambacho watu husema "umeingia" kwenye ketosisi, yaani hali ya mwili kutumia ketoni.

Ketoni hazipandi sawasawa na juhudi zako. Ukipunguza wanga nusu, hupati nusu ya ketoni. Huenda usipate kitu. Na kutoka hakuchukui siku mbili. Sahani moja ya wali inatosha kukutoa ndani ya saa chache.

Sasa chukua wiki ya mtu wa "wikiendi huru". Jumapili usiku amekula, akiba imejaa. Jumatatu anaanza kubana, ini bado lina cha kutumia. Jumanne kichwa kizito, anataka kulala mchana. Jumatano jioni au Alhamisi ketoni zinaonekana. Ijumaa yuko ndani, anajisikia mwepesi. Jumamosi asubuhi mkate na juisi, yuko nje. Katika siku saba, amekaa kwenye ketosisi siku mbili, au tatu akiwa na bahati. Siku nyingine za kubana amelipa gharama ya keto bila kupata keto.

Simaanishi kwamba wiki ya namna hiyo haina faida. Huenda amekula chakula kidogo kuliko zamani, ameacha soda na vitafunwa vya sukari, na uzito unashuka kwa sababu hizo. Lakini basi kinachomsaidia ni kula kidogo na kula vizuri, na hayo yanawezekana bila mateso ya Jumanne.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe si mtu wa kuambiwa "usijaribu"

Hapa sina utani. Kubadilisha wanga huku na huku ni hatari zaidi kuliko keto ya moja kwa moja kwa watu fulani, hasa walio kwenye dawa.

Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini kama glibenklamidi na glimepiridi, akibana wanga bila dozi kurekebishwa anaweza kushukiwa na sukari mpaka akaanguka. Daktari akipunguza dozi ili iendane na keto, kisha mgonjwa akala gramu 200 za wanga Jumamosi, sukari inapaa. Dozi ni moja na ulaji ni wa aina mbili; hapo kulegeza kunahitaji mpango wa maandishi kutoka kwa daktari wako, la sivyo acha. Wanaotumia dawa za kisukari ambazo majina yake huishia na "flozin", kama dapagliflozini na empagliflozini, wana hatari nyingine: damu kujaa asidi ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana, jambo linaloweza kuua. Hao wasiguse keto ya aina yoyote bila daktari kujua.

Wa dawa za shinikizo la damu pia wamwone daktari kwanza, kwa sababu kubana wanga hutoa maji na chumvi mwilini, na presha inaweza kushuka kupita kiasi. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, ini au kongosho, na mwenye historia ya kula kwa pupa kisha kujutia au kujitapisha: hapana. Huyu wa mwisho husahaulika, kumbe ndiye anayeumizwa zaidi na ratiba ya "siku tano za kubana, mbili za kufungulia".

Na kama keto ilianzishwa kwa ajili ya kifafa, hakuna kulegeza kwa uamuzi wako. Lishe hii ilizaliwa huko: daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic ndiye aliyeipa jina mwaka 1921, akitafuta namna ya kutuliza degedege. Kwa watoto walio kwenye matibabu hayo hata sukari iliyomo kwenye dawa ya maji huhesabiwa, maana wanga kidogo unaweza kurudisha degedege.

Hatua ya 2: Sema wazi unataka nini

Kama unataka kupungua uzito, ketoni si sharti. Kinachoamua ni jumla ya unachokula, na keto huwasaidia wengi kwa sababu protini na mafuta vinashibisha na hamu ya kula inatulia. Kama unataka sukari itulie na huna dawa zilizotajwa juu, kupunguza wanga kwa kiasi huleta sehemu kubwa ya faida. Kama unakimbia au kuendesha baiskeli kwa ushindani, ujue kuchoma mafuta hudai oksijeni zaidi kwa kila hatua. Utafiti wa Louise Burke na wenzake juu ya watembea kwa kasi wa kimataifa, uliotoka 2017, ulionyesha hilo: waliokuwa kwenye keto walichoma mafuta mengi mno, lakini muda wao wa mashindano haukuboreka kama wa wenzao waliokula wanga.

Ikiwa unachotaka ni ile hali yenyewe, kichwa kuwa chepesi na njaa kupotea, basi hapo ketoni ndizo unazozitafuta na ratiba yako lazima izipe nafasi ya kufika.

Hatua ya 3: Shika moja kwa moja kwa wiki nne kwanza

Huwezi kulegeza kamba ambayo hujaifunga. Wiki za mwanzo mwili unajifunza kutumia mafuta, na wewe unajifunza wanga uko wapi. Hili la pili ndilo gumu.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Mimi nilikataa mwanzoni, nikajiona najua kukadiria kwa macho. Karanga ndizo zilizoniumbua. "Kiganja kimoja" changu, nilipokimwaga kwenye mizani, kilikuwa gramu 70, na nilikuwa nikichota mara tatu kwa siku mbele ya kompyuta. Karanga zina wanga kama gramu 16 kwa kila 100, nusu yake nyuzinyuzi. Ukiziondoa nyuzinyuzi, gramu 210 zinakupa wanga wa kuhesabika kama 16. Wanga haukuwa wa kutisha, lakini mafuta yalikuwa zaidi ya gramu 100, kutoka kwenye "kitafunwa" tu.

Vipimo vichache vya kukaa kichwani: wali uliopikwa, gramu 28 za wanga kwa kila 100. Kiazi cha kuchemsha, kama 20. Kipande cha mkate, 12 hadi 15. Ndizi mbivu ya wastani, 27. Kikombe cha maziwa cha mililita 250, 12. Kijiko kikubwa cha asali, 17. Parachichi lina 8 au 9 kwa gramu 100, lakini karibu zote ni nyuzinyuzi. Yai halifiki gramu moja. Ukishaona kwamba ndizi moja inaweza kumaliza bajeti ya siku nzima, utaelewa kwa nini "nalegeza kidogo tu" haipo kwenye keto.

Siku za mwanzo utachoka, kichwa kitauma, miguu itakaza usiku. Watu huiita mafua ya keto. Sehemu kubwa ni chumvi na maji yanayotoka na glikojeni. Supu yenye chumvi, mboga za majani na maji ya kutosha huondoa mengi ya hayo, isipokuwa kama umeagizwa kupunguza chumvi.

Hatua ya 4: Chagua mtindo mmoja

Ipo minne inayofaa kuzungumziwa, na sitajifanya naiona sawa.

Wa kwanza ni wa mizunguko: siku tano au sita za keto, moja au mbili za wanga. Ulipendwa na wainua vyuma, nao wana sababu, kwa kuwa mazoezi mazito humaliza glikojeni ya misuli na wanga unaokuja unapata pa kwenda. Kwa mtu wa kukaa ofisini ni ile wiki niliyoieleza juu. Ukiuchagua, chagua siku moja ya wanga, usichague mbili. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika: siku moja inakuachia siku tatu nne za ketosisi, mbili zinakuachia mbili.

Wa pili ni wa wanga kuzunguka mazoezi: gramu 20 hadi 50 karibu nusu saa kabla ya mazoezi makali, na saa nyingine zote unabana. Misuli inayofanya kazi huuchukua wanga huo haraka, na wengi hurudi kwenye ketosisi siku hiyo hiyo au kesho yake. Unafaa kwa anayefanya mazoezi makali kweli kweli. Kutembea dakika ishirini hakumo.

Wa tatu ni wa vipindi: wiki sita au nane ndani, kisha wiki mbili tatu za kula kwa kiasi, kisha ndani tena ukitaka. Huu ndio ninaoupendekeza kwa anayetaka ketoni na pia anataka kuishi. Gharama ya kuingia unailipa mara chache kwa mwaka, na safari, sherehe na sikukuu unazipangia kipindi cha nje.

Wa nne si keto, na ndio unaowafaa wengi wanaouliza swali hili. Ni kula wanga gramu 50 hadi 130 kila siku, siku zote saba, bila kutafuta ketoni. Unarudisha maharage, matunda, mtindi, kiazi kidogo. Hakuna siku ya kufungulia kwa sababu hakuna kilichofungwa. Wapo wanaoudharau eti ni keto ya waoga. Waache.

Hatua ya 5: Siku ya wanga, punguza mafuta

Hapa ndipo kosa la mwanzo linapoingia, nami nitalionyesha kwa hesabu.

Tuseme unahitaji kalori 2000 kwa siku. Siku ya keto unakula wanga gramu 30, protini 100 na mafuta 164. Wanga na protini hutoa kalori 4 kwa gramu, mafuta 9: jumla 1996. Sawa. Jumamosi unaongeza wanga hadi gramu 200 na kila kitu kingine unakiacha kilivyo, nyama ile ile yenye mafuta, siagi ile ile, jibini lile lile. Jumla inakuwa 2676. Zimezidi karibu 680, na hujala keki wala soda. Tena insulini imepanda kwa ajili ya wanga, na insulini ikiwa juu mwili hauna haraka ya kutoa mafuta akibani. Unachoma wanga, mafuta uliyokula yanasubiri.

Ili siku hiyo ibaki kwenye 2000, mafuta yanapaswa kushuka hadi gramu 89 hivi, karibu nusu. Kwa lugha ya jikoni: siku ya wali na viazi ni siku ya samaki wa kuchemsha au kifua cha kuku bila ngozi, mboga zilizopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, na parachichi linakaa kwenye kapu mpaka Jumatatu. Chakula cha keto na chakula cha wanga visikutane sahani moja.

Wanga wenyewe uwe ule unaokuja na nyuzinyuzi: maharage, viazi, nafaka zisizokobolewa, matunda mazima. Sababu si usafi wa moyo. Mwili uliozoea mafuta kwa siku kadhaa hupokea sukari kwa uzito, misuli inakuwa haina mwitikio wa haraka kwa insulini. Utafiti mdogo wa 2019 kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia uliwachukua vijana tisa wenye afya, ukawaweka siku saba kwenye lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo, kisha wakapewa kinywaji cha glukosi gramu 75. Watafiti walikuta dalili za madhara kwenye kuta za mishipa ya damu baada ya sukari kupanda. Watu tisa ni wachache na hawatoshi kutoa hukumu, lakini wanatosha kunifanya nisivunje wiki ya keto kwa chupa ya soda. Anza na sahani ya chakula, protini na mboga kwanza, wanga mwishoni.

Pombe iangalie kwa jicho la pekee. Akiba ya ini ikiwa tupu, pombe hupanda kichwani haraka na inaweza kushusha sukari ya damu.

Hatua ya 6: Kurudi

Siku inayofuata usijiadhibu kwa kufunga masaa ishirini na nne. Chakula cha jioni cha siku ya wanga kiishe mapema, asubuhi utembee au ufanye mazoezi ukiweza kabla ya kula, kisha endelea na milo yako ya kawaida ya keto. Rudisha chumvi na maji siku hiyo hiyo, usisubiri kichwa kiume.

Na usipande mizani Jumatatu. Kila gramu ya glikojeni hukaa na maji kama gramu 3, kwa hiyo akiba ikijaa tena, kilo moja na nusu hadi mbili zinaweza kurudi usiku mmoja. Si mafuta. Nimewahi kuona watu wakiacha kila kitu kwa sababu ya namba ya Jumatatu, namba ambayo Alhamisi ingekuwa imeondoka yenyewe. Vivyo hivyo, zile kilo mbili za wiki ya kwanza ulizoshangilia zilikuwa maji. Linganisha Ijumaa na Ijumaa, na pima kiuno kwa futi ya fundi mara moja kwa wiki mbili.

Hatua ya 7: Pima kama mpango wako unafanya kazi

Vijiti vya mkojo ni rahisi na vinafaa mwanzoni. Baada ya wiki kadhaa hupauka hata ukiwa ndani, maana mwili umeanza kutumia ketoni badala ya kuzimwaga, kwa hiyo rangi kufifia si ushahidi wa kushindwa. Kipimo cha tone la damu ndicho cha uhakika. Kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita ndiko wengi wa keto hukaa, na kushindania namba ya juu hakuongezi kupungua. Mwenye kisukari akiona 3 au zaidi huku anatapika, anaumwa tumbo au anahema kwa nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi.

Pima kolesteroli kabla hujaanza na tena baada ya miezi miwili mitatu. Kwa baadhi ya watu ile mbaya, LDL, hupanda sana kwenye keto, na siku za wanga hazikuhakikishii kwamba haitapanda kwako. Ukiandikiwa kipimo cha kunywa glukosi, mwambie daktari unavyokula. Kwa kawaida hutakiwa kula angalau gramu 150 za wanga kwa siku tatu kabla yake, la sivyo majibu yanaweza kukuonyesha una kisukari usichokuwa nacho.

Kwa aliyechagua mizunguko, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha Alhamisi asubuhi. Toboa kidole wiki tatu mfululizo. Ukikuta 0.5 au zaidi, ratiba inafanya kazi, endelea nayo. Ukikuta 0.1, 0.2, 0.2, wewe huli keto. Unakula mafuta mengi na wanga wa wikiendi. Hamia mtindo wa nne wiki hiyo hiyo: rudisha maharage na matunda, toa siagi kwenye kahawa, na vijiti vilivyobaki umpe anayeanza.